Dakar: nilienda kuangalia misikiti na makanisa nikarudi na mabishano (uzi mrefu, vumilieni)

Kibuyu Kikavu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Niliahidi nikirudi Senegali ntaandika, nimerudi hii wiki ya tatu na watu mnanidai kule faragha kama nimekimbia na hela ya kikoba. Haya, leo watoto wamelala, umeme upo, naanza.

Kwanza mjue nilikuwa naangalia kwa macho gani. Mimi Mkatoliki, kwetu Kibosho, naishi Temeke. Mwenzangu niliyepangwa naye kwenye semina ni Muislamu wa Tanga, hapa ntamwita Mtanga maana hajaniruhusu kumtaja, babu yake alikuwa mtu wa dufu na maulidi huko kwao kwahiyo mambo ya tarika (zile jumuiya za Kisufi za Waislamu, wenye dhikri zao) ameyakuta nyumbani, mimi nilikuwa sijui kitu. Tulitua Jumamosi usiku na semina inaanza Jumanne. Tukakubaliana hakuna kulala hotelini, tunazunguka majengo ya ibada na ya historia, ya kwake na ya kwangu, mguu kwa mguu.

Uwanja wa ndege wao mpya (Blaise Diagne, umefunguliwa 2017) uko mbali na mji kama kilomita 47, ukitua ukadhani ushafika Dakar umejidanganya, bado una Posta mpaka Kibaha na ushee.

Nilichokigundua nakisema mapema kabla sijasahau. Jengo la Dakar ukilipiga picha ukaondoka umeondoka na ukuta tu. Uliza wenyeji walibishana nini wakati linajengwa, au wanabishana nini mpaka leo, hapo ndo linaanza kuongea. Kila moja lina ugomvi wake.

Tuanze na la kwetu. Jumapili asubuhi tukaenda kanisa kuu, Bikira Maria wa Ushindi, ila jina lake la zamani ni Kanisa la Ukumbusho wa Afrika. Limetabarukiwa 1936. Kwa mbali na lile kuba lake na ile minara Mtanga akaniambia "huu si msikiti huu", na hakukosea sana, aliyelichora alichanganya mambo ya Bizanti na ya Sudani ile ya kina Timbuktu, na kwa mbele kuna malaika wanne wenye sura za wanawake wa Kifulani. Malaika Mfulani! Nimesali makanisa mengi sijawahi ona malaika anayefanana na mtu wa Afrika, na hili lilijengwa na Wafaransa miaka ya ukoloni kabisa, nikabaki nashangaa.

Sasa ugomvi wake. Lile kanisa lilijengwa kama kumbukumbu ya watu waliokufa wakiitumikia Ufaransa barani Afrika, na juu ya mlango kulikuwa na maandishi ya Ufaransa kuwashukuru wafu wake wa Afrika. Wafu WAKE. Baada ya uhuru yale maneno yakaondolewa, yakawekwa ya kumheshimu Bikira Maria. Miaka 8 tu baada ya kutabarukiwa, tarehe 1 Desemba 1944, pale Thiaroye nje kidogo ya Dakar jeshi la Ufaransa likawapiga risasi askari wake weusi waliokuwa wametoka vitani Ulaya kumpigania huyo huyo Mfaransa, kosa lao kudai malimbikizo ya mishahara. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, Wafaransa walianza kusema 35, baadaye ikatajwa 70, wanahistoria wengine wanasema mamia. Ufaransa imekubali kuliita mauaji ya halaiki mwaka 2024. Hebu fikiria umekaa kwenye benchi la kanisa, kwaya inaimba Kifaransa inahamia Kiwolofu, na kichwani una hilo.

Nikakumbuka sanamu yetu ya Askari pale Posta, ya 1927. Napita kila siku na daladala. Sijawahi hata siku moja kusimama nikasoma kilichoandikwa.

Ntaendelea, chai inapoa.

Fundi Saa

Nimekaa siti ya mbele kabisa mkuu. Picha ziko wapi?

mla bata mstaafu

Watu wanaenda Senegali hata Kilwa hawajafika. Magofu ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani yanakusubiri tangu enzi hizo we unaenda kula posho kwa Wafaransa. Haya endelea tusikie.

Kibuyu Kikavu

@mla bata mstaafu Kilwa nimefika 2016 mkuu, na nililala gesti yenye mbu kama kunguru, usinianze.

Picha simu yangu ilipata maji, ntaeleza mbele ilipataje. Za Mtanga zipo ila anazileta kwa mafungu kama mkopo wa saruji.

Jumatatu. Tukasema twende Gorée, kile kisiwa cha Nyumba ya Watumwa. Tukafika bandarini, kijana mmoja kavaa kitambulisho shingoni akatuambia yeye ndo mwongoza wageni rasmi, tukampa faranga 10,000 (kama yuro 15), akasema anaenda kututafutia tiketi, ndugu zangu mpaka leo anatafuta. Tukakata wenyewe dirishani. Bei ni za madaraja, mgeni wa nje ya Afrika analipa kubwa, Mwafrika nafuu, mwenyeji nafuu zaidi, kwahiyo beba pasipoti. Pantoni yenyewe ni dakika 20 hivi, ukizoea ya Kigamboni hutaogopa. Tumefika, tumeshuka, tumetembea mpaka mlangoni. Imefungwa. Nyumba ya Watumwa Jumatatu haifunguliwi. Kijana wetu rasmi hakulitaja hilo.

Hatukurudi hivyo hivyo lakini. Kisiwa hakina gari hata moja, urefu kama mita 900, vichochoro vya mchanga, kuta za rangi ya udongo mwekundu na maua ya bogonvilia yamemwagika juu, Mtanga akawa kimya sana halafu akasema "hapa ukiondoa Kifaransa ni Pangani". Kuna kanisa la Mtakatifu Karoli Boromeo, la karne ya 19, na upande mwingine msikiti mdogo wa mawe. Kuna jengo la zamani la shule ya William Ponty, ile shule ya kikoloni iliyotoa marais wa baadaye, Modibo Keïta wa Mali kasoma pale, Houphouët-Boigny wa Ivory Coast naye. Kisiwa cha watumwa halafu kiwanda cha marais, kimya kimya tu na mbuzi wanapita.

Simu ndo ilianguka wakati wa kupanda pantoni kurudi. Tuliache.

Shangazi wa Osu

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Mimi nimeishi Accra miaka mitano, mume wangu alihamishiwa huko kikazi, na hiyo nadharia yako ya ugomvi naiunga mkono kwa mikono miwili, Accra ni hivyo hivyo.

Pale Kanda kuna Msikiti wa Taifa, umefunguliwa 2021, umejengwa kwa msaada wa Uturuki na ni wa Kituruki haswa, minara minne myembamba kama kalamu za risasi, ukiuona unaweza kudhani uko Istanbul. Umechukua miaka na miaka kuisha lakini umeisha na watu wanasali. Sasa upande wa Wakristo, rais aliyepita alitangaza 2017 kwamba anajenga Kanisa Kuu la Taifa, alisema ni nadhiri yake kwa Mungu. Nyumba za majaji zikavunjwa, mchoraji maarufu akachora, jiwe la msingi likawekwa 2020, pesa inayotajwa ni dola milioni 58, na kilichopo mpaka sasa ni shimo. Waghana wenyewe wanaliita shimo ghali kuliko yote duniani. Mimi Mlutheri lakini nikipita pale nilikuwa naangalia pembeni.

Ila nenda kwenye kaburi la Nkrumah. Bustani iko kwenye uwanja ule ule wa polo wa Waingereza ambako alitangaza uhuru usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, yaani uwanja ambao Mwafrika wa kawaida hakukaribishwa. Amezikwa mara tatu yule mzee: amefia Bucharest 1972, akazikwa Conakry, akahamishiwa kijijini kwake Nkroful, 1992 ndo akaletwa pale. Mkewe Fathia, yule Mmisri, kalazwa jirani yake. Na kuna sanamu yake ya zamani haina kichwa, iliangushwa wakati wa mapinduzi ya 1966, kichwa kilipatikana miaka mingi baadaye na sasa kimewekwa peke yake pembeni ya mwili. Hawakukibandika. Nilipenda sana kwamba hawakukibandika.

Fundi Saa

Shangazi umeua hapo kwenye kichwa.

Kibuyu Kikavu

Shangazi shikamoo, nikipata safari ya Accra nakutafuta unipe ramani.

Narudi Dakar. Ijumaa tuliomba ruhusa mapema semina, bosi wa semina mwenyewe alikuwa anaondoka, kule Ijumaa mji mzima unabadilika, wanaume kwa wanawake wamevaa mabubu (yale magauni na makanzu yao mapana) yamepigwa pasi mpaka yanalia ukitembea.

Msikiti Mkuu wa Dakar ulifunguliwa Machi 1964 na watu wawili: Mfalme Hassan wa Pili wa Morocco, na Rais Senghor. Senghor ni nani? Mkatoliki, aliyekuwa anataka upadri ujanani. Nchi ambayo Waislamu ni zaidi ya asilimia 90 iliongozwa na Mkatoliki miaka 20 na ndiye aliyekuwepo kufungua msikiti mkuu. Mnara una mita 67, wa mraba, Kimorocco kabisa, na vigae vyake. Mimi nilibaki nje kwenye kivuli, Mtanga akaingia.

Alivyotoka anacheka peke yake. Anasema alipanga safu, takbira ikapigwa, yeye kafunga mikono kifuani kama alivyofundishwa chuoni, kumtazama jirani wa kulia mikono iko chini, inaning'inia. Akadhani mzee kasahau. Kumtazama wa kushoto, chini. Safu nzima chini! Kumbe wale ni wa madhehebu ya Maliki, sisi pwani huku ni ya Shafi, vitabu alivisoma lakini kusimama katikati ya maelfu ukiwa wewe peke yako umefunga mikono anasema ilimjia hisia ya ajabu, kama amekuja harusini na sare ya kamati nyingine.

Siku ile ile jioni tukapita zawiya (nyumba ya ibada ya tarika) moja ya Watijani katikati ya mji, wametandaza kitambaa cheupe katikati, wamekizunguka, wanaleta dhikri ya Ijumaa mpaka jua lizame. Hapo ndo nikamuona Mtanga anatikisa kichwa anafuatisha, maneno anayajua. Na zile nyimbo zao wanaziita khassaïde. Mimi nikauliza ndo nini, Mtanga akaniangalia kama mtoto mjinga, "kasida bwana, kaswida, hujawahi sikia kaswida wewe?" Bahari mbili tofauti, neno lile lile.

Ustadh Mpole

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi nikuongezee kidogo ili usipotoshe. Tijaniyya ipo huko sana, na Muridiyya ambayo ni ya kwao wenyewe, muasisi Sheikh Ahmadou Bamba. Wafaransa walimwogopa wakamhamishia Gabon 1895 mpaka 1902, halafu Mauritania. Hakupigana kwa silaha. Pwani yetu tunayo Qadiriyya na Shadhiliyya, kwahiyo huyo ndugu wa Tanga kujisikia nyumbani si ajabu. Je mlifika msikiti wao mpya?

Kibuyu Kikavu

Waalaykum salaam Ustadh, nashukuru, na ndo nilikuwa naelekea huko.

Kwanza niseme kitu kuhusu huyo Sheikh. Ipo picha yake moja tu inayojulikana, imepigwa 1913, kavaa nyeupe, kilemba kimeficha nusu ya uso, na kivuli kimekula miguu. Hiyo picha moja iko KILA MAHALI. Kwenye teksi, kwenye duka la dawa, kwenye ukuta wa gereji, kwenye vile vibasi vyao vya rangi rangi. Siku ya kwanza nilidhani ni mgombea wa uchaguzi.

Msikiti wa Wamuridi unaitwa Massalikoul Djinane, Mtanga akanitafsiria papo hapo, masaliki ni njia, jinani ni mabustani ya peponi, ni jina la utenzi wa huyo Sheikh. Umefunguliwa tarehe 27 Septemba 2019. Minara mitano, mrefu kuliko yote mita 78, ndani wanaingia watu 15,000 na uwanjani wengine kama hao. Marumaru mpaka unaogopa kukanyaga. Na pesa nyingi zimetoka kwa waumini wenyewe, muuza kahawa, dereva, wale vijana wanaouza mikanda na miwani barabarani Italia na Hispania. Dereva wetu alisema yeye alichangia kila mwezi na akituonyesha nguzo anasema "ile yangu" huku anacheka.

Ugomvi? Siku ya ufunguzi Rais Macky Sall na mtangulizi wake Abdoulaye Wade walikuwa hawaongei miaka, mtoto wa mzee Wade alifungwa kwa kesi ya rushwa chini ya utawala wa Sall. Wakakutana mle, wakashikana mikono mbele ya umma. Kwahiyo huu ni ugomvi uliofia msikitini, sijui niuweke fungu gani.

Wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa kutembezwa nje ya muda wa swala, dada zetu mjifunike vizuri. Nilivua viatu, nikaingia, nikakaa chini kwenye zulia dakika kama kumi. Hakuna aliyeniuliza kabila wala dini. Nje tukanywa kahawa yao ya Touba, ina pilipili fulani ndani, Mtanga alisema hii ikifika Ngamiani kahawa chungu imekufa.

Lushois

Jambo bandugu. Miye nilifanyaka biashara Abidjan, Ivory Coast, miaka tatu, Yamoussoukro nilifika mara mbili. Ile basilika iko mukubwa, unaiona mbali sana mbele ya kufika muji. Mita 158 na musalaba, banaanza kujenga 1985 inaisha 1989, papa Yohane Paulo wa pili akakuja kuibariki 1990. Mzee Houphouët aliijenga kwake kwenye alizaliwa, akasema ni pesa yake. Kuna kioo cha rangi kwenye banamuchora yeye amepiga magoti karibu ya Yesu. Papa aliomba bajenge na hopitali karibu yake. Hopitali ilifunguliwa kisha miaka makumi mbili na kitu. Basilika miaka ine, hopitali makumi mbili na kitu. Na mamba iko mu lac (ziwa) ya palais (ikulu) mpaka leo, balikulaka mulinzi yake 2012.

mla bata mstaafu

Basilika miaka minne hospitali ishirini na kitu. Aisee.

Dada Mkorofi

Mimi nauliza chakula tu. Dini zote mtaziona mbinguni, mlikula nini?

Kibuyu Kikavu

@Dada Mkorofi wali wa samaki, ceebu jën, asubuhi mchana jioni. Umepikwa kwa chenga za mchele, zile ambazo sisi tunawapa kuku, na wanazitaka hizo hizo, mchele mzima wanaona haunyonyi mchuzi. Karoti, kabichi, muhogo, bilinganya, sinia moja mnazunguka. Na kuna kitu kinaitwa ngalakh, Wakristo wanakipika Ijumaa Kuu, ni uwele na siagi ya karanga na UBUYU, wanawapelekea majirani Waislamu. Halafu Idd kubwa nyama inarudi upande wa pili. Tulikiri mbele ya dereva kwamba sisi ubuyu tunaupaka rangi nyekundu tunakula mpaka midomo inakuwa kama ya mganga, alisikitika sana.

Haya, Jumamosi. Gorée mara ya pili. Hii sehemu naiandika taratibu.

Nyumba imejengwa karibu 1776, ngazi mbili zimejipinda kama mikono inayokumbatia, juu waliishi wenye nyumba. Mmiliki anayetajwa sana ni mwanamke, Anna Colas Pépin, wale waliitwa signare, wanawake machotara wafanyabiashara waliokuwa na nyumba na watumwa wao. Chini ni vyumba, vimeandikwa juu: wanaume, wanawake, watoto. Kimoja chini ya ngazi, huwezi kusimama, cha wakaidi. Wanasema Mandela alipokuja 1991 aliingia hicho akatoka machozi yanamtoka. Mwisho wa korido kuna mlango mmoja, nje ni mawe na bahari. Mlango wa kutorudi.

Mtanga aliingia kile cha watoto. Nikamsubiri. Nikamsubiri. Alivyotoka macho mekundu, hatukuongea mpaka kwenye pantoni.

Sasa ugomvi, na huu ndo mkubwa kuliko yote. Mtunzaji wa nyumba ile kwa miaka mingi, Boubacar Joseph Ndiaye, alikuwa anawasimulia wageni kwamba mamilioni walipita pale, na ndiye aliyeifanya dunia ijue, Papa kaja 1992 akaomba msamaha, Clinton kaja, Bush kaja, Obama kaja 2013 akasimama kwenye ule mlango. Miaka ya 90 wanahistoria wakasema subiri kwanza. Mmarekani Philip Curtin, na watafiti wa Dakar kwenyewe, wakasema hesabu za meli zinaonyesha Gorée walipita makumi ya maelfu tu kwa karne zote, bandari kubwa zilikuwa kwingine, Ouidah, Bonny, Luanda. Na kwamba pale kwenye mlango kuna mawe, meli haiwezi kusogea, huenda ulikuwa mlango wa kutupia taka, na vile vyumba vingine vilikuwa stoo na vya watumwa wa humo humo ndani. Wasenegali wengi walikasirika sana, wakaona ni kama kuambiwa utumwa haukuwepo.

Nilimuuliza mwongozaji wa mle ndani, mama mmoja wa makamo, je kweli? Akasema ndiyo anajua wanavyosema. Akaniuliza wewe kwenu ukifiwa na mtu baharini mwili usionekane mnafanyaje. Nikamwambia tunazika mgomba. Akasema basi.

Mzee wa Mkunazini

Ahsante mwanangu. Umesema mgomba nikaweka miwani chini.

Miye ni mtu wa Unguja na haya tunayo hapa hapa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, mwaka ule ule wakaweka jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana juu yake, Askofu Steere huyo, yule aliyetunga na kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Altari, wanasema ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Steere mwenyewe kazikwa nyuma ya altari. Mna nguzo mle wamezisimamisha juu chini, kichwa kiko sakafuni, wanasema askofu alisafiri mafundi wakafanya walivyojua, kurudi akasema ziacheni.

Sasa jirani yake pana vyumba vya chini ya ardhi chini ya Mtakatifu Monika, wageni wanapelekwa wanaonyeshwa minyororo wanalia. Jengo la juu lilikuwa hospitali ya misheni, limejengwa karibu miaka ishirini baada ya soko kufungwa. Wapo watafiti wanaosema vile vyumba ni stoo ya hospitali. Ukilisema hilo mbele ya watembeza wageni utakula maneno. Miye nilikuwa nikibishana nao ujanani. Siku hizi sibishani. Soko lilikuwepo pale pale, hilo hakuna anayelikataa, hatua kumi huku au hatua kumi kule.

Fundi Saa

Mzee shikamoo. Lakini si bora tuambiwe ukweli? Mimi nikilipa kiingilio nataka nijue hiki ni stoo. Nitalia nikiwa najua.

Mzee wa Mkunazini

Marahaba mwanangu. Nawe una haki. Njoo Unguja nikupeleke, tutasimama mle ubishane na mwongozaji, miye nikuangalie.

Kibuyu Kikavu

Mzee mimi nipo upande wa Fundi Saa nusu na upande wako nusu. Wakiandika kibao pale mlangoni "idadi inabishaniwa" hakuna atakayepungukiwa machozi. Ila yule mama wa Gorée kanishinda, mpaka leo sijapata la kumjibu.

Namalizia maana mods watasema nimejaza seva. Jumapili ya mwisho, Ouakam, hapo hapo Dakar. Kuna msikiti wa minara miwili umesimama chini kabisa ya genge, mguu kwenye mchanga, wanauita Msikiti wa Uungu, umemalizika 1997, mwanzilishi wake alisema ulimjia katika maono. Mbele yake mitumbwi ya wavuvi imepakwa rangi zote za dunia, watoto wanacheza mpira, imamu akianza wanaacha mpira. Kwa uzuri wa macho huu umepita yote, hauna haja ya maelezo.

Na juu yake mlimani, yaani unageuza shingo tu, lile sanamu la Ufufuko wa Afrika, mita 49, baba mama na mtoto wanaelekea baharini, wamelijenga Wakorea Kaskazini, limezinduliwa Aprili 2010 kwa miaka 50 ya uhuru. Hili lina ugomvi wa kila aina. Maimamu walisema ni sanamu la kuabudiwa na yule mama paja liko nje. Rais Wade akajitetea kwa kulinganisha na Wakristo na Yesu wao kanisani, Wakatoliki wakachafukwa, vijana wakatoka mtaani, ikabidi aombe radhi. Halafu akasema wazo ni lake kwahiyo asilimia 35 ya mapato ni yake. Yaani mtu mmoja kagombana na msikiti, kanisa na mhasibu kwa sanamu moja. Nilipanda mpaka juu, ndani ya kofia ya yule baba kuna dirisha, unaiona Dakar yote, kuba la msikiti kule, bahari huku, na Gorée kama punje.

Mtanga alikataa kupanda. Alisema miguu.

mla bata mstaafu

Mleta uzi nafuta kauli ya Kilwa. Hongera.

Mwana wa Ngamiani

Habari za humu. Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na shemeji yangu. Mimi ndiye huyo "Mtanga". Naomba nisahihishe mambo matatu.

Moja, babu yangu hakuwa wa dufu, alikuwa khalifa (kiongozi wa tarika), dufu alipiga baba mdogo.

Mbili, picha nilishakutumia zote, 214, huna nafasi kwenye simu yako mpya kwa sababu umejaza video za harusi ya dada yako.

Tatu, pale Gorée kwenye chumba cha watoto sikulia. Ulikuwa upepo wa bahari, una mchanga.

Kibuyu Kikavu

Sawa kaka. Kile chumba kina tundu moja la upana wa kiganja lakini sawa, upepo.

Mwana wa Ngamiani

Futa hiyo.

Dada Mkorofi

Usifute. Na zile picha 214 tunazisubiri, anzeni na ya sinia la wali.